Taya la Korongo Jekundu

Ukitaka kumuudhi Mama Plasta, ilikuwa kazi ndogo tu. Simama naye kwenye kantini ya kambi, mbele ya ile ramani kubwa ya bonde iliyobandikwa ukutani, kisha umuulize kwake ni wapi. Angekutazama kuanzia utosini mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, amalize chai yake, aondoke. Maana kwenye ramani ile kila mtu alikuwa na kwake. Dereva wa lori la maji alikuwa na kwake, mpishi alikuwa na kwake, mlinzi wa geti ambaye bila miwani hamjui hata mkewe alikuwa na kwake. Hata mbwa, jamani, mbwa wa kambi, alikuwa na kwake, kwa sababu siku moja alikuwa anafukua pa kulala akafukua kidole cha dinosaria. Pameandikwa kwa kalamu nyekundu, wazi kabisa: Kwa Mbwa. Mama Plasta, aliyekuwepo tangu kambi ni mahema mawili na jiko la mkaa, hakuwa na hata nukta.

Nyie mtaona ni upuuzi, mtu mzima kugombea jina kwenye karatasi. Lakini mlijue kwanza bonde lenyewe. Ni jangwa. Mawe, vumbi, makorongo ya kijivu na mengine mekundu, na mvua huko ni habari ya kusimuliwa. Chini ya vumbi hilo wamelala dinosaria tangu enzi ambazo hata ukihesabu utachoka, na watu wa mji mdogo ulio mdomoni mwa bonde wanaishi kwa mifupa hiyo. Huyu anachimba, yule anachekecha mchanga, mwingine anawapikia wachimbaji, mwingine anapangisha vyumba kwa wageni wanaokuja kushangaa. Mshahara unafanana, jua ni lilelile, vumbi ni lilelile. Kitu pekee kinachoweza kumtofautisha mtu na mwenzake ni ile ramani.

Na utaratibu wake ni huu. Ukiona mfupa, huugusi. Unavua kofia yako, unaufunika, unakaa hapohapo, unaita. Profesa mwenyewe, mama mmoja mrefu, mpole, anayeijua kazi yake barabara, anakuja na kupiga magoti. Anapima, anapiga picha, anauchunguza udongo. Hapo ndipo mfupa unaguswa. Mfupa uliohamishwa mahali pake, Profesa alikuwa akiwaambia kila msimu, ni sawa na mtu aliyeokotwa njiani hajui kwao: hawezi kukuambia ana umri gani wala aliishi na nani. Basi baada ya kuandika yote hayo, anakwenda kwenye ramani na kuandika jina la mwenye kofia. Hakuna zawadi nyingine, na hakuna aliyewahi kudai nyingine.

Kazi ya Mama Plasta ilikuwa kuvalisha mifupa. Ikishachimbuliwa nusu, yeye ndiye anayeitwa. Anaufunika mfupa kwa karatasi zilizolowa maji ili plasta isiung'ang'anie, kisha anachovya vipande vya gunia kwenye ndoo ya plasta, anavipanga kimoja juu ya kingine, anasawazisha kwa kiganja mpaka unapata kitu cheupe kama mguu uliovunjika. Kwa mikono yake mfupa ulisafiri kwenye barabara ya mashimo ukafika mjini ukiwa mzima. Huko karakana tena ni yeye: anakata plasta, anausafisha mfupa kwa sindano na brashi, anaunganisha palipovunjika kwa gundi. Mikono hiyo ilisifiwa na kila mtu.

Ila macho. Macho yake, sijui tuseme nini, hayakujaliwa. Angetembea kwenye mteremko asubuhi nzima na wenzake, wote wameinamisha shingo, na alichokiona yeye ni mawe tu. Siku moja mlinzi, yule wa miwani, alimwambia kwa upole kwamba amesimama juu ya ubavu. Alipotazama chini, kweli, amesimama juu ya ubavu. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo, naye akacheka nao, kisha akaenda nyuma ya tangi la maji akalia peke yake. Miaka nenda rudi alikuwa akivalisha mifupa iliyoonwa na wengine, na kila alipochovya gunia kwenye plasta roho ilimuuma. Alitaka mmoja tu. Mmoja, aweke kofia yake juu, aite.

Sasa aingie wifi.

Wifi alikuwa mke wa mdogo wake, yule dereva wa lori la maji. Walikaa nyumba moja wote: mama yao mzee, Mama Plasta aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na hao maharusi kwenye chumba cha uani. Wifi alikuwa binti mkimya, mwembamba, mwenye tabia ya kutazama chini anapotembea. Watu walidhani ni aibu. Ni Mama Plasta mwenyewe aliyemwombea kazi kambini, ya kuchekecha mchanga, na hilo ndilo lililokuja kumkata maini zaidi: mwiba aliupanda kwa mkono wake. Kwa kuwa yeye alimwita wifi, kambi nzima ikamwita Wifi, mpaka Profesa.

Hata wiki haikuisha. Wifi aliaga anakwenda kujisaidia nyuma ya mwamba, akarudi polepole, kichwa wazi, kofia hana. Akasema kwa sauti ya kuomba radhi kwamba anadhani kuna mgongo wa kitu pale. Watu wakaenda. Ulikuwa mgongo kweli, pingili baada ya pingili zimejipanga kwenye udongo wa kijivu kama shanga, zinaingia mlimani. Profesa alipiga magoti akaanza kupima. Jioni ile kwenye ramani ikaandikwa Kwa Wifi, na Mama Plasta akapiga makofi na wenzake, akajikaza kisabuni.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na moto. Mama yao, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuuliza habari za mifupa, sasa akawa mtaalamu. Bombani ni mkamwana wangu, dukani ni mkamwana wangu, mgeni akija kuuliza njia anaambiwa habari za mkamwana wangu na mgongo aliouona. Mama Plasta alikaa mlangoni akikwangua plasta kwenye kucha na kusikiliza. Alitaka kuuliza, na mimi je? Mifupa yote iliyofika mjini salama ilifikishwa na nani? Hakuuliza. Badala yake alirusha vijembe. Aliwahi kusema wakiwa wote mezani kwamba kuna watu bahati huwafuata hata chooni. Mama akakohoa. Wifi alicheka mpaka machozi, akasema ni kweli kabisa, hajawahi kufikiria hivyo. Mtu unamrushia jiwe, analipokea kama ua. Hilo nalo likamuuma Mama Plasta, kuliko hata kama angejibiwa.

Na wema wake ndio usiseme. Alimfulia nguo zilizoganda plasta. Alimwachia kiti cha kivulini. Mama Plasta kila wema aliugeuza huku na huku akitafuta ulipofichwa ubaya, na alipoukosa alikasirika zaidi. Alimwonea wivu kwa macho yake, kwa mume anayemchekea, kwa mama aliyeanza kumwita mwanangu. Alimwonea wivu hata kwa usingizi, kwa sababu alilala mara tu anapoweka kichwa, wakati yeye aliusikiliza ukuta.

Uchimbaji Kwa Wifi ukaendelea. Zikatoka mbavu, ukatoka mguu mmoja wa nyuma, ikatoka shingo karibu yote. Mama Plasta akavalisha, akavalisha, akavalisha. Kilichokosekana ni kichwa. Profesa alikuwa haishi kukisema kichwa hicho. Mwili bila kichwa ni habari njema, aliwaeleza wakinywa chai, lakini ukipata na kichwa unamjua mnyama: alikula nini, alinusa vipi, ni wa ukoo gani. Dunia nzima itakuja kumwona. Kila mtu alipekua mteremko. Hakuna aliyekiona.

Wifi alikuwa na neno lake moja kila mchana, jua linapokuwa kali na watu wanapumzika. Alimwambia Mama Plasta kwamba pale chini ya mwamba, kando ya kijito kikavu, pana kivuli kizuri. Aende akapumzike, yeye atamchanganyia plasta. Mama Plasta alilisikia neno hilo kama mtu anayeambiwa apishe. Yaani mmeshachukua mama, mmechukua ramani, sasa mnataka na ndoo yangu? Alikataa siku zote. Mpaka siku moja, kichwa kinamgonga kwa joto, akakubali kwa hasira na kushuka akiwa amenuna.

Kivuli kilikuwepo. Akakaa. Akanyoosha miguu, akafuta jasho, akatazama mbele yake bila kutafuta kitu. Kwanza aliona jino. Halafu jingine kando yake. Yalikuwa ya kahawia, yanang'aa, yamepangana kama buni zilizokaangwa, na vumbi juu yake lilikuwa jembamba sana. Hakuna jiwe lenye sura ile. Lilikuwa taya, taya zuri ajabu, limelala limetazama juu, na ni yeye aliyeliona. Alisikia joto kifuani, furaha ile ya mtoto, akavua kofia yake na kunyoosha mkono.

Mkono ukasimama hewani. Aliinua macho, akaona kamba za mpaka wa Kwa Wifi zimepita juu kidogo ya mwamba. Ndipo akaelewa. Taya hili limeporomoka kutoka kule. Ni kichwa cha mnyama yuleyule. Ataweka kofia, ataita, watakuja wanakimbia, na watakachosema wote ni kimoja: kichwa cha Kwa Wifi kimepatikana. Mama yake bombani atasema mnyama wa mkamwana wangu amekamilika. Yaani siku moja aliyojaliwa macho, macho yenyewe yamekwenda kumtafutia mwenzake kichwa.

Kijiba cha roho kikampanda, na alichokifanya hakuna mtu wa kambi ile aliyewahi kukifanya. Aliurudisha mkono, akavaa kofia. Akalilegeza taya kwa ncha ya kisu chake cha plasta, kwa ustadi uleule uliosifiwa, akalifunga kwenye vipande vya gunia na kulitia kwenye ndoo. Udongo wa kijivu ulioganda kwenye meno aliupiga brashi ukatoka wote. Jioni, akisingizia kwenda kumwaga mabaki ya plasta, alizunguka mpaka upande wa pili wa kilima kwenye korongo jekundu. Ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kupata kitu. Akalizika nusu, akalinyunyizia vumbi jekundu juu, akarudi.

Asubuhi alivua kofia, akaita.

Wakaja wote. Profesa alipiga magoti. Akachunguza udongo, akauliza mbona ni mchache hivi, je, amelipiga brashi? Mama Plasta akasema mkono umezoea, Profesa, niliona tu nikajikuta nafuta. Profesa alimkaripia kidogo, kwa utaratibu, kisha akainuka na kumkumbatia hadharani, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Kantini siku hiyo mpishi alitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Mlinzi alihutubia. Kwenye ramani ikaandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa kuliko zote: Kwa Mama Plasta.

Wifi naye alikuwepo. Alilitazama taya kwa muda mrefu, akamtazama wifi yake, kisha akapiga makofi kuliko watu wote. Mama Plasta aliuona ule mtazamo na moyo ukamwenda mbio kwa raha. Akauita wivu. Akasema kimoyomoyo, haya, na wewe uonje.

Kwa siku chache alitembea hatua za bi harusi. Mama aliambiwa, akasema vizuri mwanangu, akauliza kama hilo taya lake linalingana na mgongo wa mkamwana. Hata hapo Mama Plasta hakujali. Kilichomfurahisha zaidi ni uamuzi wa Profesa. Kwa kuwa meno yalionyesha mnyama wa aina ileile, na huyu wa pili ana kichwa, basi mwili wake lazima uwe karibu, na huenda ni mzima kuliko wa kwanza. Kwa Wifi pakafunikwa turubai. Watu wote wakahamishiwa korongo jekundu. Wifi akarudishwa kwenye chekeche, na msimu ujao, ilisemwa, wachekechaji watapunguzwa. Mama Plasta alilisikia hilo akaendelea kukoroga plasta.

Wakachimba. Korongo jekundu lina udongo mgumu kama tofali na halina kivuli hata cha kumfaa panya. Wakachimba upande wa juu, wakachimba upande wa chini. Mpishi akimaliza vyombo alikuja na aproni yake kusaidia. Mlinzi akitoka zamu alikuja. Watu waliacha mapumziko yao ya mchana. Kila Mama Plasta alipopita walimpungia mkono wakimwambia asiwe na wasiwasi. Naye akasema labda maji ya zamani yaliupeleka mwili mbali. Akasema pengine tusubiri msimu ujao. Wakamwambia hapana, Mama Plasta, wewe umetuvalishia mifupa yetu yote, wako hatuwezi kuuacha. Tangu hapo akaacha kupita. Aliomba akae karakana mjini, afungue plasta za Kwa Wifi zilizokuwa zinangoja.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye meza moja, dirisha la wavu na feni inayolalamika. Taya lake lilikuwa pale juu ya mto wa mchanga. Akafungua mbavu, akafungua mguu. Akaja kwenye kifurushi cha mwisho, kile cha mwanzo wa shingo, alichokivalisha mwenyewe kwa hasira bila kutazama sana. Alikata plasta, akabandua gunia, akaanza kukwangua udongo wa kijivu kwa sindano. Karibu na pingili ya kwanza kulikuwa na kipande kimekwama, bapa, chembamba, kimevunjika upande mmoja. Akakisafisha. Akakitoa. Kilikuwa kipande cha nyuma cha taya.

Alijua kabla hajajaribu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vilivyovunjika, angekosaje kujua? Lakini alikibeba hata hivyo, akakisogeza kwenye taya lililolala juu ya mchanga, ukingo kwa ukingo. Vikaingiana. Kila jino la mvunjiko likapata pengo lake, hata unywele usingepita katikati. Akavitenganisha, akavishikanisha tena, vikaingiana tena.

Aliketi akivitazama. Profesa alikuwa ofisini kwake jirani, na jioni angekuja kukagua. Ukingo ule ukionekana, yamekwisha: ramani, korongo, mikono yake, kila kitu. Na ukingo ule usipoonekana, basi ni mifupa miwili ya wanyama wawili na hakuna atakayejua mpaka mwisho wa dunia. Kwenye droo kulikuwa na tupa ndogo anayonolea patasi. Akaitoa. Akakishika kile kipande kwa mkono wa kushoto na kuiweka tupa juu ya mvunjiko.

Mlango ukafunguliwa. Wifi aliingia na mfuko wa plasta begani, maana lori la mumewe lilikuwa linashusha mizigo nje. Akautua. Akaiona meza, akaiona tupa.

"Usilisage, wifi," alisema. "Ukilisaga halirudi."

"Nisisage nini?" Mama Plasta aliuliza, akijitia hamnazo, na tupa haijasogea.

"Hilo taya. Lilikuwa chini ya mwamba pale kivulini. Nililiona siku ileile nilipouona mgongo."

Feni ikalalamika.

"Uliliona?"

"Nililiona. Nikalirudishia vumbi kidogo. Nilikuwa nangoja uende ukapumzike pale, ulione mwenyewe, uweke kofia yako. Kila siku nakwambia pana kivuli na wewe hutaki kusikia."

"Na nilipolipeleka korongoni?"

"Nilijua palepale."

"Ukaninyamazia?"

Wifi alifuta vumbi la plasta begani.

"Ningesema nini? Niseme nimejua kwa sababu ni mimi niliyekuachia? Ungenichukia mara mbili."

Mtu mwingine hapo angelia, angemkumbatia mwenziwe, na mimi ningewaambia hivyo kama ingekuwa hivyo. Haikuwa hivyo. Mama Plasta kitu cha kwanza alichokisikia kifuani ni kilekile alichokizoea, tena kwa nguvu kuliko siku zote. Angeweka kofia yake pale, ile siku, nje ya kamba za Kwa Wifi, kichwa cha mnyama mkubwa kingekuwa chake kwa haki, na Profesa angeuliza na wote wangesema ni yeye. Kilikuwa chake. Alikiiba kikiwa chake. Na huyu binti mwembamba aliyeweza kukiona alikuwa pia na uwezo wa kukiona na kukiacha, jambo ambalo yeye asingeliweza hata angepewa macho ya kunguru. Alimwonea wivu kwa roho hiyo, akamkasirikia kwa kuwa nayo.

"Wewe una roho ya namna gani?" alimuuliza, na alikuwa anauliza kwa ugomvi.

"Ya kawaida tu," Wifi akasema. "Ulinitafutia kazi."

Mama Plasta aliirudisha tupa kwenye droo. Akakiweka kipande kwenye sinia pamoja na taya, ukingo kwa ukingo, akatoka nalo mkononi mpaka ofisini kwa Profesa mlango wa pili, na Wifi hakumfuata. Alisema yote akiwa amesimama. Hakumtaja Wifi kwenye habari ya kivuli, kwanza kwa kuona haya, kisha kwa sababu aliona hiyo si siri yake kuitoa. Profesa alivitazama vile vipande vilivyoingiana, akavua miwani. Hakupaza sauti. Aliuliza ni wapi hasa taya lilikuwa, kwa kina gani, limeelekea upande gani, na Mama Plasta akakumbuka baadhi, mengine hakukumbuka, na kila asilokumbuka Profesa alifumba macho. Mwishowe akamwambia kwamba mengine wataongea kesho. La leo ni moja tu. Kuna watu wanachimba kwenye jua. Aende akawaambie yeye mwenyewe.

Akapanda lori. Mdogo wake hakujua lolote. Njia nzima alipiga mluzi, akamweleza kwamba vijana wameapa kutotoka leo mpaka waupate. Mama Plasta alitazama nje. Walipofika korongo jekundu alishuka na kusimama ukingoni mwa shimo. Lilikuwa kubwa kuliko alivyoliacha. Mpishi alikuwa ndani mpaka kifuani, aproni imekuwa nyekundu. Mlinzi alikuwa amevua miwani kwa sababu ya vumbi, anachimba kwa kupapasa.

"Mama Plasta huyo," mpishi alisema, akainuka akishika kiuno. "Umekuja wakati mzuri. Tumefika kwenye tabaka jingine. Leo mwili wako tunakupa."

Mlinzi alipanda juu, akageuza ndoo, akaifuta vumbi kwa shati lake ili akae. Hakukaa.

"Tokeni," alisema. "Hakuna mwili hapo. Taya nililileta mimi."

Wakacheka. Mpishi ndiye aliyeanza, kisha mlinzi, kisha wote mle shimoni, wakasema leo Mama Plasta amekuja na utani, na sururu zikarudi kazini. Ikambidi aseme tena.